Nani Aliisugua Medali ya Filadelfia

Mume wangu, Emlen Trexler, hakuwa mwizi. Hakuiuza medali ya klabu, hakuibadilisha na nyingine, na lile gari tulilonunua mwaka 1976 lilitoka kwenye mshahara wangu wa ualimu, niliouweka akiba tangu Bwana Claude Hottenstein, mwenyekiti wa klabu, hajajua kujifunga tai. Wala Emlen hakuwa mpumbavu, kama wanavyosema wale wanaojiona wana huruma zaidi. Kuna hadithi mbili zinazozunguka mji huu, moja ya mwizi na moja ya mpumbavu, na zote mbili ni za uongo.

Klabu ya sarafu na medali inatimiza miaka hamsini mwaka huu, na imeamua kuchapa kitabu cha maisha ya wanachama wake waliofariki. Nililetewa ukurasa wa Emlen ili nisahihishe tarehe. Una mistari kumi na mmoja. Mstari wa tisa unasema kwamba medali ya Maonyesho ya Filadelfia "ilitoweka ikiwa mikononi mwake." Nimeurudisha ukurasa huo. Badala yake naandika huu, na wauchape wote au waache nafasi tupu.

Emlen alizaliwa mwaka 1913 katika nyumba ya matofali nyuma ya kiwanda cha soksi, na katika kiwanda hichohicho alifanya kazi tangu akiwa na miaka kumi na sita mpaka alipostaafu. Alikuwa fundi wa mashine za kufuma. Mashine moja ina sindano kwa maelfu, na yeye aliweza kusimama mlangoni, akafumba macho, akasema ni upande gani kuna sindano iliyopinda.

Bibi yake, Lovina, alipelekwa Filadelfia akiwa msichana wa miaka tisa, kwenye yale Maonyesho makubwa ya dunia ya mwaka 1876. Hadi uzee wake alikumbuka mambo mawili: injini ya mvuke iliyomtisha akajificha nyuma ya koti la baba yake, na mtu aliyepita na sinia la medali za bati. Baba yake alimnunulia moja. Wakaitoboa tundu, akaivaa kwa uzi shingoni mpaka siku ya kuolewa. Alipokufa, wajukuu waliambiwa kila mmoja achague kitu. Mmoja alichukua saa ya ukutani, mwingine kitanda cha mti wa jozi. Emlen alichagua medali yenye tundu. Walimcheka.

Hapo ndipo yalipoanza. Baadaye zikaja nyingine: za maonyesho ya Chicago ya mwaka 1893, za New Orleans, za Atlanta, za Omaha. Alizipata kwenye minada ya mashamba, kwenye masanduku ya vifungo vya nguo, kwa wajane waliokuwa wanahama nyumba. Hakuwahi kufika katika mji hata mmoja kati ya hiyo isipokuwa Filadelfia. Niliwahi kumuuliza anaona nini katika vipande hivyo vya bati na shaba.

"Hiki," alisema, akishika kimoja kwa ncha za vidole, "kuna mtu alikishika siku ambayo alikuwa na furaha. Alitoka shambani kwake, akapanda treni, akaona taa za umeme kwa mara ya kwanza. Akataka kitu cha kumthibitishia kwamba hakuota."

Mimi natoka katika familia ya walimu. Baba yangu alikuwa mkuu wa shule, na babu yangu alikuwa mchungaji aliyesoma Kigiriki. Nilipowaambia nyumbani kwamba nitaolewa na Emlen, mama yangu aliweka chini kikombe chake.

"Ottilie, yule wa soksi?"

"Fundi wa mashine za soksi, mama."

"Haya. Angalau miguu yako haitapata baridi."

Emlen alipenda sana maneno hayo. Kila Krismasi alimpelekea mama jozi sita za soksi, akiwa amezifunga kwa utepe. Mama alikufa akimpenda kuliko alivyonipenda mimi. Hatukupata watoto. Alikuwa akiniita Mwalimu, hata mezani, hata tukiwa wawili tu, na katika miaka arobaini sikuwahi kusikia dhihaka katika neno hilo.

Lazima nieleze jambo moja la watu wa medali, kwa kuwa mambo yote yalitokea kwa sababu yake. Medali haisafishwi. Haipanguswi kwa kitambaa, haiwekwi sabuni, haipumuliwi. Shaba ikikaa miaka mia inapata rangi ya kahawia, yenye wekundu kidogo ndani yake kama chai iliyoinuliwa kwenye mwanga, na rangi hiyo ndiyo inayoonyesha kwamba haijachezewa. Ukiisugua, imekufa. Inang'aa, lakini kwa watu wale ni maiti. Emlen ndiye aliyekuwa akiwafundisha wanachama wapya siku yao ya kwanza. Alitandika kitambaa laini mezani, akawaonyesha jinsi ya kushika kwa ukingo, kisha akasema, "Unachokiita uchafu ni ngozi yake. Ungependa nikuchune?" Klabuni walimpa jina la Usiguse. Hata rafiki yake mkubwa, Mahlon Yeakel, aliyekuwa kinyozi kwenye barabara ya kanisa letu, alitolewa nje ya ukumbi siku moja kwa kupumulia medali ili aione vizuri.

"Nimepumua tu, wewe bwana! Nisipumue?"

"Kapumulie barabarani, Mahlon. Hewa ya kule ni ya wote."

Nilikuwapo. Watu walicheka hadi kahawa ikamwagika, na Mahlon akakaa nje kwenye ngazi, akivuta sigara na kutukana kwa furaha.

Nami nilikuwa na sheria zangu. Katika mji wetu mwanamke hupimwa kwa ngazi za mbele ya nyumba yake. Mama yangu alisugua za kwetu kila Jumamosi asubuhi, za mawe meupe, na kitasa cha shaba cha mlango kiling'aa kiasi kwamba watoto walijitazama meno. Jirani akipita na kuona kitasa kimefifia, hasemi kitu, anatazama tu mara mbili. Mimi nililelewa nikiogopa kutazamwa mara mbili. Katika nyumba yangu hakukuwa na bakuli, kijiko wala bawaba iliyokosa kung'aa, isipokuwa yale masanduku bapa ya Emlen kwenye chumba cha nyuma. Humo sikuruhusiwa kuingia na kitambaa, na kwa miaka arobaini sikuingia.

Klabu ilikuwa na medali moja iliyozidi nyingine zote, iliyoachwa na mwanzilishi wake. Ilikuwa ya shaba, ya Maonyesho ya Filadelfia, ukubwa wa kiganja cha mtoto, na upande mmoja ilikuwa na umbo la mwanamke aliyepiga goti. Za namna hiyo zipo nyingi. Lakini wakati wa kuipiga chapa hii, kile chuma kilichochongwa cha kupigia kilikuwa kimeanza kupasuka, na ule ufa uliacha alama kwenye shaba: mstari ulioinuka, mwembamba kama unywele, kutoka begani mwa yule mwanamke hadi ukingoni. Walipouona ufa kiwandani walikitupa kile chuma, kwa hiyo medali zenye mstari ni chache mno. Ndiyo maana klabu iliitunza kama jicho. Mimi wakati huo sikuyajua hayo. Emlen alikuwa amenieleza, bila shaka, zaidi ya mara moja. Nilikuwa nikisahihisha mitihani.

Ikaja 1976. Nchi nzima ilikuwa inasherehekea miaka mia mbili ya uhuru, na klabu ikaamua kufanya maonyesho yake kwa kumbukumbu ya yale ya Filadelfia, miaka mia baada yake. Yangefanyika Jumamosi moja ya Mei katika ukumbi wa zimamoto. Meya angekuja, shule zingekuja, gazeti lingekuja. Emlen alipewa kazi ya kutengeneza kabati la kioo la medali ile, na juu ya kabati kungekuwa na kibao chenye jina lake kama mtunzaji. Alhamisi akaileta nyumbani ili aipime kwenye stendi. Akaiweka juu ya meza ya chumba cha nyuma, akatoka na Mahlon kwenda kununua kitambaa cha mahameli.

Kibao cha jina kilikuwa kimeletwa asubuhi ile. Nilikipeleka chumba cha nyuma nikione kinavyokaa. Kilikuwa cha shaba mpya, kimeandikwa TREXLER kwa herufi nzuri. Na kando yake kulikuwa na kile kitu cha kahawia.

Niliona jambo moja tu. Niliona wanafunzi niliowafundisha kwa miaka thelathini na miwili wakipita mbele ya kabati lile, na wazazi wao, na mke wa meya, ambaye mama yake alikuwa jirani yetu, wakitazama jina la mume wangu, kisha kilicho chini yake, kisha wakitazama mara ya pili.

Nilipeleka medali jikoni. Nilianza kwa soda ya kuokea na limau, ikawa nyekundu. Nikaendelea kwa unga wa kusugulia masufuria. Ilitoka vizuri ajabu, yule mwanamke aliyepiga goti akapata uso. Kulibaki mkwaruzo mmoja tu, begani, uliokataa kutoka. Mimi si mtu wa kuacha kazi nusu. Nikachukua waya wa kusugulia sufuria, nikakaa kwenye kiti, nikafanya kazi kwa muda wa saa nzima. Nilikuwa nikiimba.

Emlen aliporudi, Mahlon alikuwa ameshakwenda zake. Nilikuwa nimeiweka katikati ya meza ya jikoni, juu ya kitambaa cheupe, mahali jua la dirishani lingeipata.

Alisimama mlangoni na ile mahameli kwapani. Kisha akavuta kiti, akakaa, akaomba maji. Nikampa. Hakuyanywa.

"Umetumia nini?"

"Unga wa masufuria. Umeona uso wake?"

"Na mstari?"

"Mstari upi? Ule mkwaruzo? Ulinisumbua huo, lakini umetoka."

"Umetoka," alisema.

Akatoa kioo chake cha kukuzia mfukoni, akatazama, akakirudisha. Ndipo akanieleza tena, taratibu, kama mtu anayemsomesha mtoto mpendwa, na safari hii nilisikiliza. Alipomaliza, mimi ndiye niliyekaa chini.

"Nitawaambia leo hii," nilisema. "Nitampigia Hottenstein."

"Huwezi."

"Kwa nini nisiweze? Mimi nimefanya, mimi nitasema."

"Mwalimu, nisikilize. Watacheka. Watakucheka kanisani, sokoni, shuleni. Kila utakapoingia mahali mtu atakuuliza kama umekuja na waya wako. Mpaka ufe." Akanishika mkono, ambao bado ulinuka limau. "Mimi nilishachekwa tangu nilipochagua medali yenye tundu. Nitasema ni mimi. Watakasirika mwezi mmoja, yataisha."

Nikakubali. Naandika neno hilo peke yake ili lisipotee kati ya mengine. Nilikubali.

Jumamosi kabati lilikaa tupu, na watu waliambiwa kwamba medali ina hitilafu. Jumapili, saa nane mchana baada ya ibada, wanachama waliitwa ukumbini. Nilikwenda na Emlen, nikachukua pai ya molasi, kwa kuwa katika maisha yangu sijawahi kuingia ukumbini mikono mitupu. Hottenstein alikuwa mwenyekiti. Nilimfundisha huyo. Alikuwa akinakili kwa mwenzake, na alinakili hata makosa.

Medali ilikuwa mbele yake mezani. Iling'aa kama kitasa cha mama yangu.

"Bwana Trexler," alisema, "tuambie hii ni nini."

"Ni medali ya klabu. Niliisafisha."

Mtu mmoja nyuma akacheka, kisha wote. Si cheko la ubaya. Walidhani anatania.

"Usiguse ameisugua!"

"Emlen, acha hizo, sema kweli. Imepatwa na nini?"

"Niliisafisha," alisema tena. "Ilikuwa na uchafu. Nilikosea."

Cheko likaisha. Hottenstein akaigeuza kwa kidole. "Mstari haupo."

"Niliusugua ukatoka."

"Wewe? Miaka ishirini na tano umetufokea tusipumue, halafu wewe ndiye ukaisugua? Bwana Trexler, hata kudanganya kuna kiwango." Akawageukia wengine. "Medali yetu ina mstari. Hii haina. Medali yetu ni ya kahawia. Hii imesuguliwa, na mtu husugua kitu ili mwingine asijue kilikuwa nini. Mimi nauza bima, najua nyumba inapoungua yenyewe na najua inapochomwa."

Ndipo Mahlon Yeakel aliposimama. Alikuwa amekuja na koti lake la kanisani. Alipita kati ya viti mpaka akafika mbele ya mume wangu.

"Emlen, nitazame. Hawa waache. Ni wewe uliyeisugua?"

"Ni mimi."

"Nakunyoa tangu tuna miaka ishirini. Nakujua unapodanganya, shingo yako inasema. Nakuuliza mara ya mwisho, ndugu yangu. Ni wewe?"

"Ni mimi, Mahlon."

"Unadanganya," alisema Mahlon, na machozi yalikuwa yanamtoka. Akachukua kofia yake, akanipita pale nilipokuwa nimesimama na kisu cha pai. "Shemeji, samahani," aliniambia, akatoka.

Alisema kweli. Emlen alikuwa anadanganya, na ukumbi mzima ukaamini macho ya Mahlon. Mtu anayedanganya kuhusu kusugua anaficha nini? Wakajaza wenyewe kilichobaki: ameiuza ile ya kweli, akaleta nyingine.

Mimi nilikata pai. Nilikata vipande kumi na sita vilivyolingana, nikaviweka kwenye sahani, na hakuna aliyekula.

Emlen alisimama akasema kwamba, kwa kuwa medali ilikuwa mikononi mwake, atailipa kwa medali zake. Zote. Nilidhani wangekataa. Walipiga kura. Ile iliyong'aa wakamrudishia, kwa kuwa, walisema, si yao.

Jumatatu alizipanga kwenye masanduku yake bapa, kila moja katika bahasha yake, na kila bahasha imeandikwa kwa mwandiko wake mdogo: mji, mwaka, alikoipata, na jina la aliyempa. Ya mwisho ilikuwa ile yenye tundu. Nilinyoosha mkono niitoe.

"Hii ni ya Lovina, Emlen. Hii haina thamani kwao."

Akaushika mkono wangu, akaurudisha kwenye mapaja yangu. "Nilisema zote."

Klabu iliziuza mwaka uliofuata, kwa mafungu. Sijui ya Lovina ilikwenda kwa nani. Nimewahi kuandika barua mbili za kuuliza. Sikujibiwa.

Hayakuisha mwezi mmoja. Gari lilipofika mlangoni mwetu mwezi wa Agosti, watu walipiga hesabu zao. Mahlon aliacha kuja. Emlen akawa ananyolewa upande wa pili wa mji, na mtu huyo alimkata vibaya, na kila mara alirudi akisema ni sawa tu. Kila Jumanne ya pili ya mwezi, siku ya mkutano, alivaa koti baada ya chakula, akakaa kwenye kiti cha jikoni kama anayesubiri kuitwa. Baadaye alilivua, akalitundika. Hakuwahi kunilaumu. Ningependa angenilaumu. Alizungumza nami kwa upole ule ule, akaniita Mwalimu, akasifu kitasa.

Ile medali aliibeba mfukoni. Aliigusa siku nzima, kama mtu anayegusa jino bovu kwa ulimi. Shaba ikiguswa kila siku inafifia, na kwa miaka mingi inaanza kurudisha rangi. Siku moja, labda mwaka 1981, alikuja jikoni akaiweka karibu na bakuli la unga.

"Tazama. Imeanza kuwa kahawia."

"Na mstari?"

Alitabasamu. "Mwalimu, mstari haurudi. Lakini rangi, tazama."

Aliugua mapafu katika majira ya baridi ya mwaka 1984. Hospitalini nilimwambia kwamba nitakwenda kwa Hottenstein siku hiyo hiyo, nivae kofia yangu, niseme mbele yao wote. Alikuwa anapumua kwa shida, lakini alicheka.

"Utasema nini? Mimi nimeshazoea. Wewe hutaweza hata wiki moja."

"Nitaweza."

"Huwezi, mke wangu. Nenda nyumbani, umechoka."

Nilikwenda nyumbani. Kofia niliivaa, na nilifika mpaka kona ya ofisi ya bima. Kulikuwa na wanawake wawili wa kanisani kwenye ngazi. Wakanisalimu. Nikawasalimu, nikapita. Emlen alifariki siku ya tatu yake.

Baada ya mazishi watu walikuja nyumbani kula pai ya zabibu, kama ilivyo desturi yetu. Hawakuwa wengi. Mahlon alikuja, amezeeka, kofia mikononi. Vitu vya mfukoni mwa Emlen vilikuwa bado kwenye sahani karibu na dirisha: funguo, kioo cha kukuzia, medali. Nilimwona akiinama. Alichukua kioo. Alikaa pale muda mrefu hata pai yake ikakauka.

"Shemeji," aliniita. "Njoo. Tazama hapa ukingoni, chini ya huu mwinuko wake, mahali waya usingefika. Unaona?"

Nikatazama. Palikuwa na kipande cha mstari, kifupi kuliko kope ya jicho.

"Ni yenyewe," alisema Mahlon. "Mungu wangu, ni yenyewe. Alikuwa anasema kweli. Aliisugua, yule mjinga, aliisugua kweli, na mimi nikamwita mwongo mbele ya watu." Akaanza kulia kwa sauti, mzee mzima, kwenye sebule yangu. "Nisamehe. Kwa nini hakuniambia alikuwa na wazimu gani siku ile?"

Alinitazama akisubiri jibu. Watu wote walikuwa wakitutazama. Nilikuwa nimeshika birika la kahawa.

"Sijui, Mahlon," nilisema. "Nikuongeze kahawa?"

Alikwenda akawaambia wanachama. Nusu wakamwamini, nusu wakasema macho yake yamezeeka. Kwa hiyo tangu siku hiyo mume wangu amekuwa mwizi kwa nusu ya mji na mpumbavu kwa nusu nyingine. Mahlon naye alifariki mwaka jana, akiamini kwamba alimkosea rafiki yake. Hakumkosea. Alimjua vizuri kuliko wote, na alichokisema ukumbini kilikuwa kweli tupu.

Basi liandikwe hili katika kitabu. Emlen Trexler, fundi wa mashine za kufuma, 1913 hadi 1984, hakuwahi kuisugua medali hata moja. Aliyeisugua ni mimi, Ottilie Trexler, kwa waya wa sufuria, Alhamisi mchana, jikoni kwangu.

Bwana Hottenstein alinipigia simu jana, baada ya kusikia kwamba naandika. Anataka kuja na kioo chake kuiona medali. Anataka pia kujua, kwa ajili ya kitabu, kwa nini nilinyamaza miaka kumi na mitatu. Asije. Medali iko mfukoni mwa aproni yangu, na itakaa humo. Na hilo la pili ni langu na Emlen. Silisemi.